Sinema Aliyoitafsiri Baba

Juzi jirani yangu hapa Mbeya jiko la mafuta ya taa lilimlipukia, moto ukamrukia kwenye kanga, mi nikatoka mbio na blanketi langu la sufu nikamfunika, nikambiringisha chini mpaka ukazima. Mtu alipona. Blanketi halikupona. Na ile harufu ya sufu iliyoungua, inanuka kama nywele za mtu, ilinikalisha chini kwenye vumbi nikashindwa kuinuka. Watu wakadhani na mimi nimeungua. Wapi. Nilikuwa nimerudi kule juu, nyuma ya Igowole, kwenye darasa la misheni, sijafika hata umri wa kung'oka meno yote ya utoto, na watu waliomjua Baba toka anatambaa wanampiga mateke ya mdomo.

Nasimulia kama ninavyoongea, maana shule niliiacha natoka damu, mtanisikia, na kusoma kwingine nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari. Na kama yupo mtu wa kule anataka kuniambia Baba alikuwa mpagani, au alikuwa mwoga, asiandike barua. Aje hapa nyumbani tuonane.

Nyie wenzangu tuliolingana mnakumbuka misheni za zamani zilivyokuwa. Mzungu mmoja, kengele moja, na baridi ile ya kupasua visigino. Baba alikuwa mkalimani wa kanisa. Si kazi ya mshahara. Alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akaenda kwenye vita vya Wazungu mpaka Burma, akarudi na koti zito, kovu la shingoni na Kiingereza. Misheni yetu ikaletewa Mchungaji mpya kutoka Ulaya, kijana mwenye shingo nyekundu, Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kuuliza njia. Basi kila Jumapili Mzungu anapanda mimbarini, Baba anasimama chini yake upande wa kushoto. Mzungu akitoa sentensi fupi, Baba anatoa fupi. Akitoa ndefu, Baba naye ndefu. Mzungu akikohoa, mi nilikuwa nasubiri Baba naye akohoe.

Akilini mwangu nilijua Mzungu anaguna tu, mwenye mahubiri ni Baba. Na si mimi peke yangu, hata wakubwa. Ibada ikiwa tamu, kina mama walileta mayai nyumbani kwetu, si kwa Mzungu. Mzee Lutangilo, mkuu wa wazee wa kanisa, alikuwa anamsubiri Baba mlangoni, anamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, anamwambia leo umetuchoma, Ezekieli. Baba anajibu siyo mimi, mzee, ni Mchungaji. Mzee Lutangilo anacheka, anafuta macho, anaenda zake. Hakuna aliyewahi kumsadiki.

Lakini Baba alikuwa anasema kweli. Neno la kuongeza alikuwa analiogopa kuliko nyoka. Alitusimulia kwamba kule vitani alimwona askari anachapwa mpaka anakojoa damu, kwa sababu mkalimani alililainisha jibu lake kidogo, akidhani anamwokoa, na afisa akaja kugundua. Toka hapo, anasema, kama mtu katema moto na yeye anatema moto, kama katema asali, asali.

Ndipo ikaja sinema.

Ilikuwa siku chache kabla ya Pasaka. Mzungu alikuwa ametangaza, kwa kinywa cha Baba, kwamba tutaonyeshwa picha zinazotembea za nchi ya Yesu mwenyewe. Hamjui watu walivyohangaika. Kuna waliokuja kwa miguu toka asubuhi na viazi vyao vya kuchemsha. Sanduku la mikanda lilikuja kwa lori kutoka Iringa, na kijana mmoja wa Kihesa, huko huko Iringa, anaitwa Festo, nywele amezipaka mafuta zinang'aa, fundi wa ile mashine. Festo alijua injini yake, Kiingereza hajui. Mzungu mwenyewe hakuwepo. Mkewe alizidiwa, akampeleka hospitali Iringa, akaacha neno kwamba tuanze, tusimsubiri.

Sinema inataka giza, na ilikuwa saa tisa mchana. Kila nyumba ikaambiwa itoe blanketi za kuziba madirisha ya darasa. Sisi tulitoa mbili, ndiyo zote tulizokuwa nazo. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa mgonjwa wa miguu, akabaki amejifunika magunia, akaniambia kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, "Nenda, mke mwenza, ukamwone, uje uniambie kama ni mrefu."

Mwanzo ilikuwa tamu, sidanganyi. Kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani walitokea punda, kuta za mawe, wanawake wanateka maji kisimani. Bibi kizee mmoja nyuma yangu akawa analia, kila mwanaume mwenye ndevu akipita anamwita Yesu wangu, Yesu wangu, hata kama anaswaga mbuzi. Baba amesimama pembeni ya shuka, nusu ya uso wake ina mwanga, anatafsiri. Hapa ni mji wa Yerusalemu. Huu ni mlima wa Mizeituni. Watu wanaitikia Amina kama kanisani.

Halafu akatokea Mzungu mzee wa miwani, amekaa chumbani kwenye vitabu mpaka darini, anaongea huku kidole kiko juu. Baba akaanza, huyu bwana anasema, kisha akanyamaza. Yule mzee kwenye shuka anaendelea kuongea, Baba kimya, mashine inatatarika. Mzee Lutangilo akauliza kuna nini. Baba akasema hii sehemu ingefaa tumsubiri Mchungaji. Watu wakaguna. Mzee Lutangilo, na hili nalisema kwa sababu baadaye alilisahau, akamwambia, "Tumetoa blanketi zetu tunatetemeka hapa, Ezekieli. Wewe ni mdomo tu. Sema anachosema."

Basi akasema.

"Huyu bwana anasema, katika walioandika habari za Yesu, hakuna mwenye hakika kama yupo aliyemwona kwa macho. Anasema waliandika baadaye, na wengine hawajulikani ni kina nani. Anasema kaburi linaloonyeshwa, hakuna ajuaye kama ndilo. Yanaonyeshwa mawili, na kila upande unasema la kwake ndilo lenyewe."

Mi nilielewa hivi: ndugu zake Yesu hawakupalilia kaburi. Kwetu hakuna aibu kama hiyo. Kaburi la babu yako unalijua, unaling'olea magugu, wapagani wanamwagia pombe ya ulanzi, waliobatizwa wanapalilia kimyakimya, lakini kulipoteza, kufika mahali unaonyesha huku na huku, hiyo ni ukoo uliokwisha. Nilimwonea Yesu huruma. Nikamuuliza Mama, kwa sauti, kwani hakuwa na wajukuu?

Kofi la kwanza la siku ile nililipata mimi. Lilitoka nyuma, kwa yule bibi kizee aliyekuwa analia. Mama yangu hakuwa mtu wa kuuliza. Aligeuka akampiga kiwiko cha kifua, yule bibi akalalia watu, benchi likaanguka, na hapo darasa likafumuka kama mzinga umepigwa teke.

Kwanza walimpiga yule bwana wa kwenye shuka. Kigoda kikaruka kikampata usoni, shuka ikapasuka, yeye bado anaongea, kidole kiko juu. Wakatupa kingine. Shuka haitoki damu. Wakageukia anayetoka damu.

Walimpiga Baba kwa vigoda, kwa viatu, kwa ngumi. Baba ni mtu wa vita, angeweza kuvunja watatu, lakini alikuwa ameshika mikono yake juu anasema, siyo mimi, ni yeye anasema, siyo mimi. Mtu akamkanyaga mdomo katikati ya neno. Blanketi moja ilichomoka dirishani ikaangukia taa ya mashine, moshi ukajaa, ile harufu. Festo alitorokea dirishani akaacha kiatu kimoja. Na Mzee Lutangilo, mimi nilimwona, hakumpiga Baba hata ngumi moja. Alikuwa amemshika tu mkono, kwa mikono yake yote miwili kama alivyozoea, ili wenzake wapate nafasi. Nilimrukia nikamuuma pale kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Nilisikia mfupa. Walinitoa kwa kunivuta miguu.

Nyumbani Bibi alimwosha Baba mdomo kwa maji ya chumvi. Meno matatu ya mbele yalikuwa hayapo. Mama akamsimulia yote. Bibi alisikiliza, akauliza tena habari ya kaburi, yaani hawana hakika ni lipi? Mama akasema ndivyo alivyosema yule wa miwani. Bibi akakamua kitambaa damu ikatoka.

"Wenyewe wamepoteza kaburi la mtu wao," akasema, "halafu meno anang'olewa mwanangu."

Akacheka kidogo. Halafu akalia sana, na mi nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzee analia hivyo, midomo imefunguka kama mtoto.

Mzungu aliporudi kutoka Iringa, wazee wa kanisa walienda barazani kwake kumshtaki Baba. Hapa ndipo kuna jambo ambalo nikiwasimulia watu wa Dar wanadhani natunga. Wamefika, wamekaa, wamesalimu, wakagundua hawana wa kutafsiri mashtaka. Ikabidi mtu atumwe akamwite Baba. Nikamfuata, nimeshika mkia wa koti lake.

Mzee Lutangilo, mkono umefungwa kitambaa kwa meno yangu, akasema, "Mwambie, mtu huyu amemtukana Bwana mbele ya watoto wetu."

Baba, mdomo umevimba kama andazi, akatafsiri.

"Mwambie ni Yuda."

Baba akatafsiri. Hata mimi nilisikia jina la Yuda kwa Kiingereza, na Baba alilitamka vizuri, hakulimeza. Mzungu akawa mwekundu mpaka masikio. Akaongea kwa muda mrefu, anajipiga kifua. Alipomaliza Baba alivuta pumzi kabla ya kugeuka.

"Mchungaji anasema kosa ni lake. Anasema mkanda ule ulikuwa wa walimu wa chuo, waujue ili wajifunze kuwajibu watu wa namna ile. Lori limeleta sanduku ambalo siyo. Anasema mimi sina kosa."

Wazee walitazamana.

"Anasema," Mzee Lutangilo akauliza, "au unasema?"

"Anasema, mzee."

"Amesema wewe huna kosa. Kwa kinywa chako."

"Kinywa kipi kingine kipo hapa?"

Kwa jibu hilo mzee mmoja alimpiga fimbo ya sikio. Baba akaenda chini. Mzungu akaruka katikati, mikono ameitanua, anapiga kelele, anasema maneno, maneno, na hakuna hata mmoja anayejua anasema nini, maana wa kujua yupo chini ameshika sikio, damu inapita kwenye vidole.

Walikata shauri lao pale pale, mbele ya Mzungu asiyeelewa. Mzee Lutangilo alilieleza taratibu, na mpaka leo nikilifikiria naona hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Alisema sisi tunajua mambo ya ushenga. Mshenga akitumwa, akafika kwa watu, akatoa tusi, faini inalipwa na nani? Aliyemtuma yuko mbali, hatumjui, hana mbuzi hapa. Analipa mshenga. Mkono uliobeba ndio unaotoa. Basi na Ezekieli alipe. Asimame kanisani aseme maneno yale ni ya kwake, alitunga kwa kushawishiwa na Shetani, asamehewe, yaishe. Mpaka hapo ametengwa, yeye na nyumba yake.

Baba akasema mbuzi atatoa, hata wawili. Wakakataa mbuzi. Akasema basi hawezi, maana hayo maneno siyo ya kwake, na kudanganya mbele ya madhabahu anaogopa.

Kutengwa wengine mnakusikia kwenye hadithi. Mi nitawaambia kulivyo. Unamsalimia mtu kamwene, anatazama mti. Maji mnachota wa mwisho, wakishatibua. Ng'ombe wetu mmoja tulimkuta amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, anajikokota kwa magoti, anakula majani hivyo hivyo kama hakuna kitu, na Baba ikabidi ammalizie mwenyewe. Kanisani tukakalishwa benchi la mwisho karibu na mlango, penye upepo, na wazee wakawa wanaendesha ibada wenyewe, Mzungu anasoma liturujia ya Kiswahili kitabuni kama mtoto wa darasa la kwanza, hahubiri.

Shuleni nilikuwa naitwa mtoto wa Yuda. Aliyeanza ni Obadia, mjukuu wa Mzee Lutangilo, mkubwa kwangu. Siku ya kwanza nilimwambia rudia. Akarudia. Nilimpiga na kibao cha kuandikia kikapasuka kwenye nyusi yake, kipande kikabaki kimening'inia. Mwalimu alinichapa mbele ya wote, wenzangu wanahesabu viboko kwa kuimba. Siku ya pili wakanisubiri mtoni, Obadia na wasichana watatu, wakanishika, wakaniambia sema baba yako ni Yuda tukuachie. Sikusema. Mmoja akavuta heleni yangu ya uzi mpaka sikio likapasuka, mnaliona, hili hapa la kushoto. Wakanitia kichwa majini, wakanitoa, sema. Nikawatemea. Wakanitia tena. Nilirudi nyumbani sioni vizuri, damu imeshuka mpaka kwenye kiuno, na huo ndio ulikuwa mwisho wangu wa shule. Baba alinipangusa, akaniuliza ningesema kungekuwa na shida gani. Nikamjibu na wewe ungesema kungekuwa na shida gani. Akaendelea kunipangusa.

Masika ilipokolea Bibi akafa.

Kwa muda mrefu alikuwa ameshatuambia, mi akinitania, mke mwenza, mume wetu ananisubiri pale kanisani, na we usiwe na haraka ya kutufuata. Babu alikuwa amelala kwenye makaburi ya kanisa. Alikuwa miongoni mwa waliobeba matofali ya kwanza kwa kichwa, akapewa mahali pazuri, karibu na ukuta, na kando yake pakaachwa pa mtu mmoja. Bibi hakuomba kitu kingine duniani. Siku ya mwisho alimshika Baba kidole akamwambia, "Unilaze kwa mwenzangu." Baba akasema ndiyo, mama.

Mzee Lutangilo alikuja, akasimama nje, hakuvuka kizingiti. Akasema kwa upole kabisa kwamba makaburi yale ni ya kanisa, na nyumba iliyotengwa haina haki pale, wala kengele. Lakini Ezekieli akisema lile neno moja Jumapili, mama yake analazwa siku hiyo hiyo, na kanisa lote litalia naye. Baba alichukua jembe na sururu akatoka, sisi nyuma.

Udongo ulikuwa umelowa, mwekundu, unanata. Mama anachimba, Baba anachimba, mi natoa kwa beseni. Walikuja tukiwa tumefika kifuani kwa Baba. Vijana kama kumi na majembe yao, baadhi ni watoto wa shangazi. Hawakusema kitu. Walizunguka shimo wakaanza kulifukia, na Baba yumo ndani.

Nataka mlielewe hili. Walifukia na yeye yumo. Udongo unamwangukia mabegani, yeye anautoa kwa jembe, wanarudisha. Wakampokonya jembe, akawa anatoa kwa mikono. Mama alimpiga mmoja kwa mpini wa sururu kwenye goti, nikasikia linalia kama kuni kavu, yule akaanguka anagaagaa, wengine wawili wakamshika Mama wakamlaza chini kwenye tope wakamkalia. Mi nilikuwa narusha madongo, nilikuwa narusha mawe, niliuma, niliparua, wakanirusha ukutani. Na Baba hapigi kelele. Udongo umefika kiunoni, umefika kwenye mbavu, hawezi tena kujigeuza, bado anachota kwa viganja anaweka nje, anachota anaweka nje, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi. Mmoja akamtupia la usoni. Akafumba macho, akaendelea.

Ni Mzee Lutangilo aliyewasimamisha. Alikuja anahema na fimbo yake akasema inatosha, msiue. Wakafuta majembe kwenye majani, wakamwinua mwenzao wa goti, wakaondoka. Mimi na Mama tulimfukua Baba kwa kucha. Alipotoka alikuwa anatetemeka kwa baridi, akatazama kaburi la Babu, ambalo nalo walilikanyaga, akaanza kulisawazisha.

Bibi akabaki ndani. Siku ya pili, ya tatu. Hata baridi ya kwetu ina mwisho wake. Hakuna aliyekuja kulia naye, hakuna aliyeleta kuni wala unga. Tulikuwa tunampungia inzi kwa zamu. Mzungu alikuja mara moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kitu, Baba hakujibu wala hakututafsiria. Jioni ya siku ya tatu, Mama, ambaye mi sikuwahi kumsikia akimwomba mwanaume kitu, alimwita kwa jina langu kutoka kule gizani, "Baba Debora. Mama yako ananuka."

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Baba alivaa lile koti la Burma.

Kanisa lilijaa, habari walikuwa nazo. Baba alipita katikati, akasimama mbele, si upande wa kushoto alikozoea, katikati kabisa. Mzungu amekaa kwenye kiti chake anatazama huku na huku. Mzee Lutangilo akasimama akamuuliza maneno yale ya siku ya sinema yalikuwa ya nani.

"Ya kwangu," Baba akasema.

"Yule bwana wa kwenye shuka hakuyasema?"

"Hakusema. Nilitunga."

Mi nilikuwa nimesimama juu ya benchi kabla sijajua nimesimama. Nilipiga kelele kwamba si kweli, Baba hatungi, waliambiwa na Mzungu mwenyewe hawakusikia, wao ndio waongo, na Mzee Lutangilo ndiye aliyesema sema anachosema. Niliyasema yote. Sauti yangu ilikuwa inagonga mabati. Nikaona Mzee Lutangilo anafunga macho, na wazee wengine wanaanza kutazamana, na Baba anakuja kwangu kwa hatua ndefu, anarudi njia ile ile ya katikati.

Alinipiga kofi moja. Mkono wa keya. Niliruka kutoka kwenye benchi nikaangukia miguu ya watu, mdomo umejaa damu na jino. Hajawahi kunipiga kabla ya hapo, hata kwa kuvunja chungu. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, nikaona ile nafasi ya meno yake, akaniambia polepole ili nisikie mimi tu, "Nyamaza nimzike mama yangu."

Nilinyamaza. Yeye akarudi mbele akapiga magoti.

Bibi alizikwa mchana ule ule, kando ya Babu, kwa kengele. Waliochimba ni wale wale waliofukia, na walichimba vizuri, kingo zimenyooka, wakashuka wenyewe kumpokea. Yule wa goti alikuja na mkongojo. Wanawake walilia kwa nguvu kweli, hawakuwa wanaigiza, wengine walikuwa wamempenda Bibi. Unga ukaja, maharage yakaja, kuku watatu. Obadia aliletwa na mama yake kunipa mkono, nikampa, nikaufinya mpaka akalia. Mzungu alikuwa anamshika kila mtu bega, anatabasamu, macho yamelowa. Alikuwa ameona watu wamegombana sasa wamepatana. Kilichosemwa mle ndani hakukijua.

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi la tatu, mahali petu pa zamani. Mzungu, kwa furaha ya kurudi kuhubiri, akapanda mimbarini, akafungua kitabu chake, akasema sentensi ya kwanza. Akangoja. Akatazama upande wake wa kushoto, hakuna mtu. Akatabasamu kumwelekea Baba, akairudia ile sentensi kwa sauti zaidi kidogo. Baba ameweka mikono juu ya magoti, anamtazama kama sisi wengine tunavyomtazama.

Watu wakaanza kugeuka. Mzee Lutangilo akainama kutoka benchi la mbele, kile kitambaa bado kiko mkononi. "Ezekieli," akasema. "Anasema nini?"

Baba akasimama, kwa heshima, kama mtu anavyosimama mbele ya mkubwa wake.

"Mzee, mimi ni mtu wa kutunga. Mlinisikia wenyewe hapa hapa. Sasa nikiwaambia anasema hivi, mtajuaje?"

Akakaa.

Mzee Lutangilo alibaki amegeuka vile, shingo imekaa upande, mdomo umefunguka, halafu taratibu akarudi kutazama mbele. Hakuna aliyeinua hata kigoda. Mzungu akangoja tena kidogo, akaona watu wote wametulia, wanamtazama, akadhani basi, wanaelewa. Akaendelea. Alihubiri peke yake mpaka mwisho, jasho linamtoka, anajipiga kifua, mahali fulani alitaka kulia, na kanisa zima limekaa linautazama mdomo wake. Neno tulilolijua lilikuwa moja tu, lile la mwisho, Amina, na hata hilo tulichelewa kuliitikia.